Hii jiwe ya pinki ya Kolwezi ni rodokrositi ao ni kitu ingine?

Mwana Katuba

Jambo yenu bakubwa na bandugu wote. Niko na swali juu ya jiwe moja, naomba mwenye anajua kweli anisaidie paske huku Lubumbashi kila mtu mwenye nilionyesha alisema yake.

Jiwe ilitoka upande wa Kolwezi, mjomba wangu njo aliileta. Iko kubwa sawa ngumi ya mtoto, chini kuko mwamba ya kahawia na madoa ya malakiti ya kijani, pa yulu kumejaa fuwele za pinki kali, pinki ya kweli kweli, ukiweka pa jua inawaka. Fuwele ni ndogo, zingine ziko na sura sawa sanduku yenye imelala upande. Mahali pengine kuko ngozi nyeusi nyembamba ilishikamana na ile pinki.

Negosian mmoja, mnunuzi wa mawe, pa mjini aliangalia kidogo tu na akasema hii ni rodokrositi, mangane karbonati, na akataka kuichukua siku ileile kwa bei ya soda. Kisha mwingine akasema hapana, hii ni chokaa tu yenye rangi, tupa. Mwingine tena akasema ni kobalti safi, tuvunje tupeleke ku depo, kule wananunua madini, bapime. Mjomba yeye anataka kuvunja. Mi sitaki, nasikia roho inauma kuvunja kitu mzuri hivi mbele ya kujua ni nini.

Nilisoma kidogo ku intaneti, banasema rodokrositi ni ya pinki, ni laini, inachemka na asidi. Sasa hii yangu ni ya pinki, ukikwaruza na kisu inakwaruzika, na niliweka ndimu ikatoa povu kidogo. Donki ni yenyewe? Ao kuko njia ingine ya kujua bila kupeleka ku laboratwari? Pesa ya laboratwari hakuna. Foto nitaweka, me telefoni yangu inageuza rangi, kwa foto inaonekana sawa nyekundu na haiko hivyo.

Papa Fuwele

Mwanangu, ile ngozi nyeusi njo inasema yote. Mangane ikikaa kwa hewa inageuka nyeusi. Pinki ndani, nyeusi inje, hiyo ni rodokrositi. Kama unataka hakika nunua maji ya oksijeni ku farmasi, ile ya kusafisha kidonda, tonesha pa ile nyeusi. Ikichemka ni mangane, basi, umemaliza.

Geolo Kampemba

Papa Fuwele heshima yako, ile ya maji ya oksijeni ni jaribio nzuri kwa nchi yenye haina kobalti. Oksidi ya mangane inachemsha maji ya oksijeni, ni kweli kabisa, lakini hata oksidi nyeusi ya kobalti inachemsha vilevile. Na huku kwetu Kolwezi ngozi nyeusi juu ya jiwe mara nyingi ni heterojeniti, ile ile nyeusi ya kobalti yenye wachimbaji wanabeba kwa magunia kila siku. Kwa hiyo povu likitoka pale halitamwambia kitu, litamdanganya tu.

Mwana Katuba, usiuze na usivunje. Soma hii yote pole pole, ni ndefu kidogo lakini nataka uelewe sababu, usishike tu majina.

Kwanza rangi. Watu wanaona pinki wanasema mangane, na mimi naona hapo ndipo wengi wanaibiwa ao wanajiibia wenyewe. Mangane inapaka rangi kwa udhaifu sana, ndani ya karbonati inahitaji kuwa nyingi ndiyo jiwe liwe pinki ya kushiba. Rodokrositi safi ni MnCO3, karibu asilimia 48 ya uzito wake ni mangane yenyewe, ndiyo maana inafika kuwa pinki nzito ao nyekundu kabisa. Kobalti siyo hivyo. Kobalti asilimia chache tu ndani ya kalsiti ya kawaida, ile madini ya chokaa, inatosha kuipaka pinki ya kuumiza macho. Na ukanda wetu wa shaba umejaa kobalti na umejaa dolomiti (ndugu ya kalsiti yenye magnesi) na kalsiti, kwa hiyo jiwe la pinki kali lenye malakiti chini, kutoka Kolwezi, Musonoi, Mashamba ama Kakanda, wazo la kwanza ni kalsiti yenye kobalti, ao dolomiti yenye kobalti. Wakusanyaji wa mawe dunia nzima wanaijua Kongo kwa hiyo. Rodokrositi nzuri ya fuwele nyekundu wanaitafuta kwingine: mgodi wa Sweet Home kule Alma, Colorado, Marekani, halafu migodi ya N'Chwaning kule Kalahari ya Afrika Kusini, halafu Peru. Argentina, kule Capillitas, inatoka yenye pete pete pinki na nyeupe kama malakiti yetu ilivyo na pete za kijani, wanaikata vipande vya kung'arisha.

Lakini mahali jiwe lilitoka si ushahidi wa mwisho, mjomba anaweza kuwa amelinunua kwa mtu aliyelinunua kwa mtu. Tupime.

Ulisema fuwele zinafanana na sanduku lililolala upande. Hiyo ni rombo, na inaonyesha uko ndani ya familia ya kalsiti, lakini rodokrositi, kalsiti, dolomiti na siderite (karbonati ya chuma) wote wanavunjika kwa rombo hiyo hiyo, kwa hiyo sura haitenganishi hawa ndugu. Inachofanya ni kutoa rodoniti nje. Rodoniti ni mangane pia na ni pinki pia na inavaa ngozi nyeusi pia, watu wanazichanganya kila mara, lakini yenyewe ni silikati, ugumu wake kwa kipimo cha Mohs (1 ni laini kabisa, 10 ni almasi) ni 5.5 mpaka 6.5, kisu cha kawaida kinaipata kwa shida ao hakiipati kabisa, na asidi haiichemshi. Yako ilikwaruzika na ikatoa povu, basi rodoniti tumeiweka pembeni.

Ugumu sasa. Kalsiti ni 3, rodokrositi ni 3.5 mpaka 4. Kisu kitakwaruza zote mbili kwa hiyo kisu hakisaidii. Chukua kipande cha malakiti, Lubumbashi hakikosekani, tafuta chenye kimejibana vizuri na kina pembe, siyo kile cha unga unga. Malakiti nayo ni 3.5 mpaka 4. Kwaruza pahali pa siri, kwa nyuma. Kalsiti itaachia alama mara moja, kwa rodokrositi zinalingana nguvu, alama itatoka kwa shida tu. Pangusa na kidole lenye maji, kama alama inafutika ilikuwa unga wa malakiti wenyewe, kama inabaki ni mkwaruzo.

Asidi. Ndimu na siki ni dhaifu mno, kalsiti inatoa povu kidogo kidogo na ndimu, rodokrositi karibu hautaona kitu, kwa hiyo hata ile povu yako ya ndimu tayari inaelekea kalsiti. Jaribio la kweli ni asidi ya hidrokloriki iliyopunguzwa, ile wanauza ku kenkayeri ya kutoa simenti pa karo. Mimina asidi ndani ya maji, usifanye kinyume, vaa glavu na linda macho, tumia tone moja juu ya kipande kidogo kilichoanguka chenyewe, usimwage kwa fuwele zako. Kalsiti inachemka kwa fujo ikiwa baridi. Dolomiti inabaki kimya mpaka uisage unga. Rodokrositi ikiwa baridi inajivuta polepole, ukiipasha moto ndiyo inachemka vizuri. Na tafadhali usitumie asidi ya batri, najua ndiyo iko karibu na kila garaji, lakini ile ni sulfuriki, ikigusa kalsiti inatengeneza ganda la jasi juu yake na povu linakufa, halafu utasema "haichemki, ni rodokrositi" bure.

Jaribio ninaloliamini zaidi kuliko yote ni uzito, yaani jiwe ni nzito mara ngapi kuliko maji ya ukubwa ule ule. Kalsiti ni 2.7, dolomiti 2.85, rodokrositi karibu 3.7, na karbonati tupu ya kobalti yenyewe, sferokobaltiti, inapita 4. Hapo hakuna mtu wa kukudanganya. Chukua balansi ndogo ya kupimia dhahabu ao hata ya jikoni. Pima jiwe kavu, andika. Halafu weka kikombe cha maji juu ya balansi, irudishe kwenye sifuri, funga jiwe na uzi, lizamishe lote bila kugusa chini wala pembeni, ukilishika na uzi hewani. Namba itakayotokea ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawa uzito wa jiwe kavu kwa namba hiyo. Basi.

Fanya kwa kipande safi, chenye hakina malakiti wala mwamba, paske malakiti ni nzito, karibu 4, itavuta hesabu juu na wewe utafurahi bure.

Kivu Turmalini

Nasalimu kutoka Bukavu. Nafuata hii paske nasi huku tuko na tabu ile ile, me kwa njia ingine. Upande wa Numbi kunatoka turmalini, na kuko za pinki, na nimeona watu wanaleta pinki yote wanasema turmalini tu, hata kama ni kwatzi ya pinki. Sisi tunaanza na chupa. Ukikwaruza chupa ya bia na jiwe na chupa ikaumia, jiwe hiyo haiwezi kuwa rodokrositi wala kalsiti, kioo iko 5.5 hivi na turmalini inapita 7. Turmalini pia iko na mistari ya kushuka urefu wa fuwele, inajulikana na kidole hata usiku. Ila ile yako ndugu kama kisu iliikwaruza, ata usisumbuke na turmalini.

Kitu moja nataka kuongeza. Huku nilisha kuona mawe ya kupaka rangi, mtu anachukua kalsiti nyeupe anaichovya. Chukua pamba na dawa ya kutoa rangi ya kucha, sugua mahali pa siri. Pamba ikitoka pinki usiendelee na hesabu yote ya Geolo, umeisha kujua.

Tena swali kwa Geolo: ile taa ya zambarau ya kuangalia dolari za bandia inaweza kusaidia? Mimi niko nayo.

Geolo Kampemba

Inasaidia kiasi, na ni swali zuri. Kalsiti yenye mangane kidogo, ile pinki hafifu ya maziwa, mara nyingi inawaka rangi ya chungwa ao nyekundu chini ya taa hiyo. Rodokrositi yenyewe kwa kawaida haiwaki, na kalsiti ya kobalti kwa kawaida haiwaki. Kwa hiyo ikiwaka umepata habari, ikikaa giza haujapata kitu. Taa ndogo za dolari ni za mawimbi marefu tu, usizitegemee sana. Na ile ya pamba ni kweli, ifanye ya kwanza, haina gharama.

Mama Malakiti

Jambo bana. Mimi ninang'arisha mawe hapa Lubumbashi, malakiti zaidi, shanga na mayai na sahani ndogo, na mara kwa mara wananiletea ile pinki. Ninaongea kwa upande wa mikono, ya kemia nawaachia.

Ile pinki ya kobalti ikija kama ganda la fuwele ndogo ndogo juu ya mwamba, usiisugue, usiikate, usiipake mafuta. Uzuri wake ni ule wa fuwele kung'aa. Kuko vijana wanaipaka mafuta ya kula ama vernisi ili iwake zaidi kwa foto, kisha mavumbi inashika, na mnunuzi mwenye macho anakataa. Ioshe na maji safi na brosi laini ya meno ya mtoto, iache ikauke yenyewe kivulini. Siki hapana, ndimu pia hapana mwanangu, ile ndimu yako ilikula ncha za fuwele, angalia na lupu utaona pale uliweka pamefifia. Usirudie.

Rodokrositi ya kweli nilishika mara chache, ilikuja vipande vya kukatwa kutoka inje. Ni laini, na inapasuka kwa njia zake zenyewe, ukisukuma nguvu pa meule, ile mashine ya kusagia, inakuachia kipande kizima. Kwa pete ya kila siku hapana, mtu ataosha vyombo nayo na baada ya muda imekufa uso. Kwa herini ama kidani cha shingo sawa. Rodoniti hiyo njo ya pete, ni ngumu, inashika mng'ao vizuri, na ile mishipa yake nyeusi watu wanaipenda. Mteja akija na jiwe ya pinki ninaijua tu kwa vile inakula sandepepa: rodoniti inachelewa, rodokrositi na kalsiti inakuja haraka na unga wake ni mweupe.

Na mavumbi, bana, mavumbi. Mawe yote haya, malakiti, kobalti, mangane, kata na maji, vaa maski ya kweli siyo kitambaa. Mtoto asikae karibu. Nimeona wakubwa wa kazi hii wanakohoa na sitaki tena kuona.

Mwana Katuba

Mama na Geolo na wote asanteni, mulinifungua macho. Nilifanya. Nasema ile niliona tu.

Pamba na dawa ya kucha: haikutoka kitu, pamba ilibaki nyeupe. Malakiti: nilikwaruza kwa nyuma, ikashika alama haraka, nikapangusa na maji, alama ilibaki, kamushipa keupe kanaonekana wazi. Asidi: kulikuwa kakipande kalianguka njiani ndani ya gazeti, nikaweka tone ya ile ya karo yenye nilipunguza. Ilichemka palepale, baridi, kwa nguvu, sawa Fanta ukifungua. Na maji yenye ilibaki ilikuwa na rangi ya pinki kidogo.

Uzito: balansi niliazima kwa fundi mwenye anatengeneza pete. Jiwe yote na mwamba yake ilitoa gramu 612, na pa maji ikaandika 208, ukigawa ni 2.94. Nikasema aa, haiko 2.7, haiko 3.7, iko katikati, sasa? Kisha nikakumbuka ile ya malakiti, nikachukua ile kipande safi kubwa yenye ilitoka upande, haina kijani. Gramu 31.4, pa maji 11.5. Ukigawa ni 2.73.

Donki ni kalsiti ya kobalti? Haiko rodokrositi? Na fundi wa pete akasikia story yote akasema yeye ana boraksi, kuko jaribio ya moto yenye wazee walikuwa banafanya, Geolo unaijua?

Geolo Kampemba

Umefanya kazi nzuri, na umeifanya kwa utaratibu ambao wengine wenye diploma hawaufuati. Angalia hesabu: kama kile kipande cha gramu 31.4 kingekuwa rodokrositi, maji yangeandika karibu 8.5, siyo 11.5. Tofauti ya gramu tatu balansi yoyote inaiona. Na ile 2.94 ya jiwe zima ni malakiti na mwamba vinavuta juu, kama nilivyosema. Ni kalsiti. Dolomiti ingekataa kuchemka hivyo ikiwa baridi.

Kilichobaki ni kujua pinki inatoka wapi, na hapo boraksi ya fundi wako ni dawa kabisa. Ninaijua, ni jaribio la zamani na bado ni zuri. Chukua waya ya resho iliyokufa, kunja kaduara kadogo mwisho. Pasha kwa moto wa gazi mpaka iwe nyekundu, chovya kwa boraksi, rudisha kwa moto mpaka inayeyuka na kuwa tone safi kama kioo. Likiwa bado na moto gusisha kwa unga wa jiwe, chembe tu, chembe moja ya macho, ukizidisha tone linakuwa jeusi hautasoma kitu. Yeyusha tena kwa ncha ya moto pale pana hewa nyingi, acha lipoe, angalia kwa mwangaza wa dirisha. Kobalti inatoa bluu nzito, na haibadiliki, iwe moto iwe baridi. Mangane inatoa zambarau, kama ametisti.

Sasa mtego wetu wa Katanga: shaba. Tone lenye shaba likiwa moto ni kijani, likipoa linakuwa bluu, bluu ya kuelekea maji ya bahari. Mtu asiyengoja atasema kobalti. Kwa hiyo toa unga ndani ya fuwele safi ya pinki, mbali na malakiti, na uangalie tone likiwa moto na likiwa baridi. Bluu mara zote mbili, basi.

Halafu mjomba. Mwambie hivi kwa heshima: kama madini ya kobalti jiwe hili halina kitu, kobalti yake ni kidogo na uzito wote haufiki hata kilo, ku depo hawatatoa hata pesa ya teksi. Ile nyeusi ndiyo depo wanataka, kwa magunia. Jiwe lake linauzika kama jiwe la kabati, kwa mtu anayekusanya fuwele, na huko kila ncha iliyovunjika inashusha bei. Ukilivunja umelitoa kwa soko ambalo lina bei ukalipeleka kwa soko ambalo halina.

Mtoto wa Kisenge

Nimesoma yote na nimefurahi, me siwezi kuacha ipite hivi sawa vile Kongo haina rodokrositi. Iko! Iko Kisenge, kule Lualaba, upande wa kwenda mpaka wa Angola. Papa alifanya kazi kule. Mangane ya pale yulu ni nyeusi, oksidi, ile njo ilichimbwa miaka mingi na kupelekwa na treni ya Benguela mpaka bahari ya Lobito, mpaka vita ya Angola ikakata njia mwaka 1975 na kazi ikalala. Chini ya ile nyeusi kuko mwamba yenyewe yenye ilizaa ile nyeusi, na ndani yake kuko rodokrositi pamoja na garneti ya mangane, spesartini. Mvua na hewa ya miaka mingi mingi njo ilikula zile mbili pa yulu na kuacha oksidi.

Me haiko ya fuwele za kuweka pa kabati. Ni mwamba mzito wa pinki chafu, umejibana, ukiacha kipande inje rangi yake inaanza kwenda kahawia kisha nyeusi. Ukibeba na mkono unasikia uzito mbele ya kupima, ile haitafanana na kalsiti ata siku moja. Watoto ba Kisenge tunaijua vile.

Geolo Kampemba

Asante sana kwa hiyo, na ni sahihi, nilitaja za fuwele tu. Kisenge ndiyo mahali pa kweli pa rodokrositi nchini kwetu, na inafaa watu wajue kwamba madini haya kazi yake kubwa duniani ni hiyo, kuwa mangane ya kutengenezea chuma, siyo vidani. Kuhusu kuwa nyeusi, hiyo hata fuwele nzuri za Colorado zinaogopa, uso wake ukikaa kwa hewa na unyevu unaanza kuvaa oksidi. Mwenye nayo aiweke kavu na mbali na jua.

Mwana Katuba

Fundi wa pete tumemaliza leo. Tone ni bluu, bluu nzito, ikiwa moto bluu, ikiwa baridi bluu. Chembe ilikuwa ndogo ata sikuiona vizuri. Fundi mwenyewe alifurahi akafanya tena na malakiti ili anionyeshe ile kijani kuwa bluu, na kweli inageuka, ni bluu ingine kabisa, ukiziweka mbili pamoja hautachanganya.

Mjomba amekubali hatuvunje. Sasa swali ya mwisho, naomba: ile negosian alirudi, anasema kama haiko rodokrositi basi bei inashuka tena. Na kuko mtu wa inje anataka kuibeba, kuko karatasi gani?

Mama Malakiti

Anakufanya mtoto. Kalsiti ya kobalti ya Katanga yenye fuwele nzima haiko jiwe ya chini ya rodokrositi ya kawaida, wanaotafuta zote mbili wako. Bei inaangalia rangi, fuwele kuwa nzima, na ile tofauti ya pinki na kijani kwa jiwe moja, hiyo watu wanaipenda sana. Usikubali jina lichezewe, jina alileta yeye, siyo wewe.

Geolo Kampemba

Kwa karatasi, enda uulize ku CEEC, ndiyo ofisi ya serikali yenye inapima na kutoa cheti kwa mawe ya thamani na ya nusu thamani yanayotoka nchini. Usimwachie mgeni abebe kimya kimya ndani ya valizi, atakamatwa yeye na utatafutwa wewe.

Kitu kimoja kabla ya kuuza. Musonoi na baadhi ya mashimo ya Kolwezi yana madini ya urani pamoja na shaba na kobalti, mara nyingi ni ya njano ama kijani cha limau, kama unga ao visindano vidogo. Angalia na lupu kama jiwe lako lina kitu cha namna hiyo pembeni ya malakiti. Kama liko, usiliweke chumba cha kulala, na uombe mtu mwenye kipima mionzi aliguse, ku Unilu, chuo kikuu cha Lubumbashi, upande wa jiolojia uulize. Kama hakuna, hakuna shida.

Na umuulize mjomba vizuri shimo gani, siyo "Kolwezi" tu. Andika kwenye karatasi ndogo: kalsiti yenye kobalti na malakiti, jina la shimo, Kolwezi, Lualaba, na uzito wa 2.73 uliopima, ukaishike pamoja na jiwe popote litakapoenda. Mkusanyaji analipa kwa hiyo karatasi pia.

Mwana Katuba

Namupigia mjomba saa hii juu ya jina ya shimo. Ya njano sijaona, me nitaazima lupu ya fundi kesho asubuhi niangalie pande zote.